KUTUNZA WATOTO YATIMA KATIKA NCHI YA KYELA

Wazee walisema, "Yatima hadeki." Maneno haya ni mafupi, lakini yana habari kubwa ndani yake. Mtoto mwenye mama hulia akinyimwa chakula, hununa akitumwa mno, na husema "Sitaki" kwa kuwa ajua yuko wa kumbembeleza. Mtoto yatima hana wa kumdekea. Akinyimwa, hunyamaza, akitumwa mara tatu mahali ambapo mwenziwe ametumwa mara moja, huinuka akaenda. Na kwa kuwa hanung'uniki, watu wa nyumbani na majirani hudhani kwamba ameridhika. Hapo ndipo kosa lianzapo. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazee wa vijiji na walimu, jinsi ya kulitambua kosa hilo na jinsi ya kulirekebisha.

Nchi tunayoinena ni Kyela, katika Mkoa wa Mbeya, mwisho wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Mashariki yake imesimama milima ya Livingstone, kaskazini iko nchi ya juu ya Rungwe, na magharibi upo mto Songwe ugawanyao Tanzania na Malawi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani, hupita katika uwanda, ikaingia ziwani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 221,490 katika wilaya hii. Mvua zake ni nyingi kupita sehemu nyingi za Tanzania. Mchele wake wajulikana sokoni hata Dar es Salaam. Tena iko migomba, kakao, michikichi na samaki. Msafiri Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1879 aliisifu mno kwa uzuri wake.

Mtu aweza kuuliza: Katika nchi yenye neema namna hii, mtoto huonaje njaa? Na mahali penye mito na ziwa, watu hukosaje maji safi? Jawabu ni kwamba neema ya nchi haimfikii mtoto yenyewe. Humfikia kwa mkono wa mtu. Mkono ule ukiondoka, mchele utakuwapo na maji yatakuwapo, lakini mtoto atakosa vyote viwili.

Desturi ya zamani

Wanyakyusa walikuwa na desturi ambayo haikuonekana kwa makabila mengi. Wavulana walipofika umri wa miaka 10 hivi walitoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika moja, na kibanda kwa kibanda kikaota kijiji kipya. Wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walichunguza mambo haya huko kati ya mwaka 1934 na 1938, na Bibi Monica akayaandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1951.

Vijana wale hawakujipikia. Waliendelea kula kwa mama zao, lakini si kila mmoja kwake peke yake. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na kula peke yako lilikuwa jambo la aibu. Urafiki huo wa kukaa na kula pamoja waliuita "ukwangala." Mtu akifikiri ataona faida yake: kijana aliyefiwa na mamaye hakupotewa na chakula kwa siku moja, maana alikuwa na nafasi yake katika kundi, na kundi lilikuwa na mama wengi. Kadhalika baba alipokufa, ndugu zake walishika mali yake pamoja na kazi ya kuwalea watoto wake.

Hatusemi kwamba mambo yote ya kale yalikuwa mema. Wasichana hawakuwa na kijiji chao, na ulinzi wao ulitegemea nyumba moja tu. Mjane kurithiwa bila hiari yake si haki, na katika siku za karibu desturi hiyo imeeneza maradhi. Vijiji vya rika vyenyewe vilipungua zamani, kwa kuwa ardhi ilikuwa haba na vijana walikwenda kutafuta kazi katika dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na katika migodi ya shaba ya nchi ambayo sasa ni Zambia. Lakini maana ya desturi ile ingali hai, nayo ni hii: mtoto mmoja asitegemee chungu kimoja.

Maradhi yaliyoongeza yatima

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, kando ya Ziwa Viktoria. Baadaye Mkoa wa Mbeya uliingia katika mikoa iliyopata hasara kubwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2003 na 2004, watu 7 katika kila watu wazima 100 wa Tanzania Bara walikuwa na virusi. Katika Mkoa wa Mbeya walikaribia 14. Uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika nchi nzima hesabu imeshuka chini ya 5 katika 100, lakini Mbeya ingali juu ya 9.

Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zatolewa bila malipo, na kwa sababu hiyo wazazi wengi ambao wangalikufa wako hai na wanalea watoto wao. Basi msaada wa kwanza kwa mtoto ni kuhakikisha kwamba mzazi wake hakosi dawa zake. Mama mjamzito na apimwe mapema, maana akimeza dawa vizuri mtoto aweza kuzaliwa na kukua salama. Na mtoto aliyezaliwa na virusi asitengwe, kwa kuwa ugonjwa huu hauenei kwa kula sahani moja, wala kwa kulala mkeka mmoja, wala kwa kucheza pamoja.

Hasara ya kufiwa na mama yalichunguzwa vizuri huko Kagera. Wataalamu waliwaandika watoto mia kadhaa kati ya mwaka 1991 na 1994, wakawatafuta tena mwaka 2004 walipokuwa wamekua. Wale waliofiwa na mama katika miaka ile walionekana wamepungukiwa na karibu mwaka mmoja wa shule kuliko wenzao, na urefu wao umepungua kwa sentimeta 2 hivi. Sentimeta 2 ni chakula ambacho hakikuliwa na maradhi ambayo hayakutibiwa. Watoto hao hawakuachwa porini. Wengi walikaa kwa jamaa zao. Basi kumpa yatima mahali pa kulala ni mwanzo tu wa malezi.

Nyumba ya jamaa ni bora, lakini ina mzigo

Wako watu wadhanio kwamba yatima akisha kufiwa apelekwe katika nyumba ya kulea yatima mjini, maana huko kuna kitanda na chakula. Nyumba hizo zina kazi yake kwa mtoto asiye na mtu kabisa. Lakini mtoto mwenye nyanya, mama mdogo, mjomba au shangazi yafaa akae kwao, ajue lugha yake, ukoo wake na mashamba yake. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo usemao hivyo hivyo: jamaa kwanza, na nyumba za kulea ziwe mwisho. Kadhalika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania yampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na yaweka Ofisa Ustawi wa Jamii awe mtu wa kuulizwa kabla ya mtoto kuhamishwa.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli. Mara nyingi mlezi mwenyewe ni bibi kizee. Amezika watoto wake, naye sasa ana wajukuu 3 au 4, jembe moja na miguu inayouma. Upendo hakukosa, amekosa nguvu. Mtu akimpa mtoto daftari na kumwacha bibi na njaa, daftari litauzwa. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia yatima, msaidie anayemlea.

Jambo hili limejaribiwa. Huko Nshamba, Wilaya ya Muleba katika Mkoa wa Kagera, shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza miaka ya 2000 kuwapa wazee posho ndogo ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya wajukuu wanaowalea. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi TSh 20,000 kila mwezi. Nayo TASAF, katika mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012, ilizipa nyumba maskini fedha na kutaka watoto wahudhurie shule na kliniki. Mlezi anayestahili msaada wa namna hiyo naye hajui pa kuanzia, mtendaji wa kijiji ampeleke. Asingoje aje mwenyewe.

Na mahali ambapo fedha hazipo, mikono ipo. Vijana wakilima robo eka ya mpunga ya bibi kabla ya kwenda kwao, wamelea. Jirani akimwita mtoto ale pamoja na wanawe mara mbili kwa juma, bila kumtangaza, amelea. Hiyo ndiyo ukwangala ya zamani katika nguo mpya. "Mkono mmoja haulei mwana."

Hesabu ya ndoo

Sasa twaja katika jambo ambalo watu wengi hawalifikiri wanenapo habari ya yatima, nalo ni maji. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilisema kwamba kila mtu kijijini apate lita 25 za maji safi kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwake, na kituo kimoja kisihudumie zaidi ya watu 250. Tufanye hesabu. Nyumba ya watu 6 yahitaji lita 150. Ndoo ya kawaida ina lita 20. Basi ni safari 7 na nusu, tuseme 8. Ikiwa safari moja, kwenda, kungoja zamu na kurudi, ni nusu saa, safari 8 ni saa 4. Saa 4 ni karibu muda wote wa masomo ya asubuhi.

Ni nani aendaye safari hizo? Zikigawanywa kwa watu 4, kila mmoja atakwenda mara 2, na kazi itakwisha kwa saa moja. Lakini katika nyumba nyingi hazigawanywi. Mwenye nyumba ana kazi, wanawe wanajiandaa kwenda shule, na yule asiyedeka ndiye aichukuaye ndoo. Tena ndoo ya lita 20 ni kilo 20 bila ya uzito wa ndoo yenyewe, na mtoto wa darasa la tatu huenda mwenyewe hafiki kilo 30. Shingo yake haikuumbwa kwa mzigo huo.

Basi twamwomba kila mlezi ahesabu ndoo jioni moja, aone nani amechota ngapi. Hatusemi yatima asichote maji. Mtoto asiyefanya kazi haleleki vizuri. Twasema achote sawa na wenziwe, kwa ndoo ya kadiri yake, na asichote wakati wa masomo. Mlezi aliyezoea kuona ndoo zimejaa bila kujua zimejaaje atastaajabu kwa hesabu yake mwenyewe.

Maji mengi si maji safi

Watu wa uwandani waona maji kila mahali, wakadhani hayana kazi. Lakini uwanda wa Kyela ni tambarare, na maji ya chini ya ardhi yako karibu na uso wa nchi. Mvua kubwa za masika zikija, mito hufurika, maji hupita katika vyoo, yakaingia visimani. Kisima kikionekana kimejaa na maji yake yang'aa, mtu hunywa bila hofu, kumbe amekunywa choo cha jirani.

Hivyo ndivyo kipindupindu kieneavyo. Mwaka 1854 katika mji wa London watu mamia walikufa katika mtaa mmoja kwa siku chache. Daktari John Snow aliandika nyumba za waliokufa katika ramani, akaona wengi wao walichota katika bomba moja. Mkono wa bomba ukaondolewa. Maarifa yale hayajachakaa. Katika mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi kwa miaka kadhaa, vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa navyo viliguswa, na njia ilikuwa ile ile: kinyesi, maji, kinywa.

Kichocho nacho huja kwa maji, lakini kwa njia nyingine. Vijidudu vyake hukaa katika konokono wadogo wa maji yaliyotulia, kisha hutoka na kupenya katika ngozi ya mtu aliyesimama majini. Basi yeye achotaye maji kuliko wote ndiye apatwaye kuliko wote. Mtoto akikojoa damu asionewe haya wala asichekwe, apelekwe zahanati. Iko dawa ya kutibu. Na dawa za kichocho zigawiwapo shuleni, mtoto asiyesoma atafutwe apewe naye.

Mambo yapasayo kufanywa ni haya:

1. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na upande wa chini. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo lisichimbwe hata kufika majini. Afadhali choo kijengwe juu ya kichuguu cha udongo.

2. Kisima kijengewe ukingo wa saruji na kifuniko, wala kila mtu asitumbukize ndoo yake. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumiwe mpaka kimesafishwa na kutiwa dawa ya klorini kama afisa afya atakavyoeleza.

3. Maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe hata yatokote. Palipo na shida ya kuni, maji yaliyo maangavu yatiwe katika chupa za plastiki zisizo na rangi, zilazwe juani saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, siku 2.

4. Maji yaliyochemshwa yawekwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, maana mkono mchafu ukiingia ndani, kazi yote imepotea.

5. Mikono ioshwe kwa sabuni, au kwa majivu, baada ya choo na kabla ya chakula.

6. Mtoto akiharisha sana, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti itolewayo zahanati. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi itiwe vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anyweshwe kidogo kidogo, huku akipelekwa kwa mganga wa hospitali bila kuchelewa.

Habari hizi si ngeni kwa wazee. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya "Mtu ni Afya." Watu karibu milioni 2 walikusanyika vijijini kusikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Mpango mwingine, ulioanzishwa mwaka 1971, ulikusudia kwamba kufika mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi karibu naye. Haukutimia. Sababu moja ni kwamba bomba lililojengwa bila mtu wa kulitunza huharibika, likabaki ukumbusho tu. Tangu mwaka 2019 kazi ya maji vijijini imo mikononi mwa RUWASA pamoja na vyombo vya watumiaji maji. Watu hulipa kidogo ili fundi na vipuri vipatikane, na jambo hilo ni la haki. Lakini kamati na ikumbuke nyumba ya bibi aleaye yatima: ada ile ikimshinda, mjukuu wake atarudi mtoni. Kumsamehe ndoo chache hakutavunja mfuko.

Daftari la mwalimu

Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na Januari 2016 ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Jambo hili ni kubwa, na yatima wengi wamefaidika. Lakini ziko sare, madaftari na chakula cha mchana. Tena iko gharama kubwa isiyoandikwa popote, nayo ni wakati wa mtoto. Mpunga ukianza kuiva, ndege hushuka, na lazima awepo wa kuwafukuza tangu alfajiri. Siku ya gulio awepo wa kulinda nyumba. Mtoto mchanga akiugua awepo wa kumbeba. Mtu huyo atakuwa nani? Msomaji amekwisha kujua.

Mwalimu ana chombo kizuri cha kumtambua, nacho ni daftari la mahudhurio. Daftari lisiwe la kujazwa tu, lisomwe. Mtoto akosaye siku moja kila juma, na siku hiyo ni ile ile, ana kazi nyumbani. Afikaye amechelewa na mabega yake yamelowa ametoka kuchota maji. Asinziaye kabla ya adhuhuri huenda hakula tangu jana. Mwalimu akimchapa kwa kuchelewa amemwadhibu kwa kosa la mtu mwingine. Afadhali amwite kando, amwulize kwa upole, kisha aende nyumbani kwake kuzungumza na mlezi kwa heshima, pasipo kumtisha, maana mlezi akiaibishwa hasira yake itamwangukia mtoto.

Twaongeza neno juu ya wasichana. Msichana yatima ndiye aponyokaye mapema kuliko wote, kwa kuwa kazi za nyumbani humwangukia, na mtu mwenye fedha kidogo aweza kumdanganya kwa sabuni na mafuta. Shule isiyo na maji wala choo chenye mlango humfukuza msichana mkubwa siku kadhaa kila mwezi. Na aliyepata mimba hajafungiwa mlango: tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu hiyo warudi shuleni. Walimu na wamweleze nyanya yake, maana bado wako wasiojua.

Shamba la marehemu

Jambo la mwisho ni urithi. Mkakao uliopandwa na baba huendelea kuzaa miaka mingi baada yake. Basi hutokea kwamba mtoto hana daftari, naye kila siku apita mbele ya miti ya babaye akiona wengine wakichuma matunda yake. Huyo hakufanywa maskini na kifo. Amefanywa maskini na jamaa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtu kumnyima mtoto haki ya kufaidi mali ya mzazi wake. Lakini sheria haina macho kijijini. Macho yake ni wazee. Kabla ya kuondoa matanga, mbele ya wazee na mtendaji, na yaandikwe mashamba, mipaka yake, ng'ombe, nyumba na vyombo, na jina la atakayevitunza mpaka watoto wakue. Anayetunza shamba la kakao aonyeshe kila mwaka limetoa nini na mtoto amepata nini. Cheti cha kifo kitafutwe mapema, na cha kuzaliwa kadhalika. Tangu mwaka 2013 watoto wa chini ya miaka 5 katika Mkoa wa Mbeya huandikishwa bure, katika vituo vya afya na ofisi za kata. Cheti ni karatasi nyepesi, lakini siku ya ugomvi wa urithi ina nguvu kuliko mashahidi kumi.

Hesabu tatu

Basi, kwa kuwa yatima hasemi, sisi tuhesabu. Mlezi na ahesabu sahani na ndoo: je, amekula sawa na wenziwe, na amechota sawa na wenziwe? Mwalimu na ahesabu siku: je, amekosa ngapi, na kwa nini? Mzee wa kijiji na ahesabu mashamba: je, ya marehemu yako mkononi mwa nani? Hesabu hizi hazihitaji fedha wala mgeni kutoka mjini. Zahitaji mtu apendaye kujua kweli, hata ikiwa kweli hiyo iko ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mkutano wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Twawaomba wenyeviti waitie habari hii katika shauri la mkutano ujao: majina ya watoto waliofiwa, nyumba wanazokaa, na mambo wanayokosa, wala yasisomwe kwa namna ya kuwaaibisha. Nao walimu twawaomba wawasomee wazee wasiojua kusoma maneno haya, hasa hesabu ya ndoo, na wamwulize kila mmoja: Kwako, leo asubuhi, ni nani aliyekwenda mtoni?